Bendera Nyekundu na Njia ya Brighton

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Novemba, wakati baridi ya Uingereza imekwisha kuingia mifupani na jua lenyewe bado halijachomoza, hukusanyika katika bustani ya Hyde Park, katikati ya mji wa London, mamia ya motokaa ambazo iliyo changa kuliko zote iliundwa mwaka 1904. Wenyewe wamevaa makoti mazito na kofia za kufunika masikio, na wengine wamejifunga mitandio hadi puani, kwa maana aghalabu magari hayo hayana paa, wala kioo cha mbele, wala mlango wa kuuzuia upepo. Na muradi wao ni mmoja tu, nao ni kwenda pamoja hadi Brighton, mji wa pwani ulio upande wa kusini, umbali wa maili 60, yaani karibu kilomita 96, kabla ya siku kuisha. Hakuna anayetuzwa kwa kutangulia, na nishani ni ya kila mwenye kuwasili kabla ya saa kumi na nusu za jioni. Lugha yetu inalo neno lililokatwa kwa kipimo cha jambo hili, nalo ni msafara: mwendo wa wengi ambao heri yao ni kufika, na ambao aliyekwama njiani hasemwi kuwa ameshindwa, bali huulizwa amepungukiwa na nini. Nimeona yafaa kueleza asili ya msafara huu, kwa kuwa ndani ya historia yake mna somo juu ya namna watu wanavyopaswa kuitunza amana waliyoachiwa na waliotangulia.

Mtazame mtu mmoja tu katika halaiki ile. Amepiga magoti juu ya majani yenye umande, mbele ya gari la silinda moja lililoundwa Ufaransa, na mkononi ana kopo la mafuta lenye mdomo mrefu kama wa birika. Anazizungukia ekseli, mnyororo na vikombe vidogo vya shaba ambamo mafuta hudondoka tone kwa tone juu ya vyuma vinavyosuguana, kwa sababu injini nyingi za zama zile hazikujua kujilisha zenyewe, na dereva aliyesahau tone hulipa kwa chuma kuungua. Kisha anatia maji katika taa za karabai, ili yakutane na kabaidi na kuzaa gesi yenye mwanga mweupe. Anaichelewesha cheche kwa wenzo mdogo ulio karibu na usukani, anaishika handeli, na ukimwangalia vizuri utaona kwamba kidole gumba hakikuizunguka handeli, bali kimelala upande mmoja na vidole vinne, maana injini ikigoma na kurudisha pigo, handeli huzunguka kinyume kwa nguvu ya kuvunja mkono. Anavuta mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kikohozi. Mara ya tatu moshi wa samawati unatoka nyuma, na gari zima, toka taa hadi viti, linatetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa. Kazi hiyo hakuisoma katika kitabu tu, bali ameipokea mkono kwa mkono kutoka kwa mtu aliyeipokea kwa mwingine.

Asili ya furaha hii ni sheria iliyokaza mno. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mitambo iendayo barabarani bila ya kuvutwa na mnyama, nayo mitambo ya siku hizo ilikuwa ya mvuke, mizito, yenye kunguruma na kutoa cheche, iliyokuwa ikizivunja barabara na kuwatia farasi kiwewe. Sheria iliamuru kwamba mtambo wowote wa namna hiyo usizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, uhudumiwe na watu wasiopungua watatu, na mmoja wao atangulie kwa miguu, yadi 60 mbele, akiwa amechukua bendera nyekundu ili kuwaonya wapanda farasi na wenye magari ya kukokotwa. Kwa wakati wake amri hiyo haikuwa upumbavu. Ilikuwa na hekima ya kuwalinda watu na wanyama wao. Walakini sheria ni kama vazi la mtoto, asiposhonewa jingine linambana. Kwani baada ya Karl Benz kuunda gari lake la petroli huko Ujerumani mnamo 1885, kile kigari chepesi chenye kubeba watu wawili kiliingizwa katika fungu moja na mtambo wa tani nyingi, na Waingereza wakawa wanatembea ilhali majirani zao wanakimbia. Mwaka 1895 Émile Levassor aliendesha kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi kwa muda wa saa 48 na dakika 48, naye Mwingereza mwenye gari lile lile alilazimika kisheria kufuata unyayo wa mtu aendaye kwa miguu.

Wako waliokataa. Mwezi wa Julai wa mwaka huo huo wa 1895, bwana mmoja mwenye cheo aitwaye Evelyn Ellis aliagiza gari la Panhard-Levassor kutoka Ufaransa, akalipokea katika stesheni ya Micheldever, na pamoja na sahibu yake Frederick Simms akaliendesha maili 56 hadi nyumbani kwake Datchet, makusudi mazima, pasipo mtu wa kumtangulia, akitaraji kukamatwa ili jambo lisemwe mahakamani. Wala hakuna aliyemkamata. Bahati hiyo haikumfikia Walter Arnold, ambaye mwezi wa Januari 1896 alipita katika kijiji cha Paddock Wood, jimbo la Kent, kwa mwendo wa maili 8 kwa saa mahali palipopasa maili 2, na askari polisi akaacha chakula chake cha mchana, akapanda baiskeli, akamfukuza mpaka akamkamata. Hakimu alimtoza kwa kosa la mwendo faini ya shilingi moja, pamoja na gharama za kesi. Kijana wa leo akiisikia hikaya hii hucheka, lakini kwa watu wa zama zile lilikuwa swali zito: je, barabara ya hadhara ni ya nani, na ni nani mwenye haki ya kumwamuru mwenzake aende mwendo gani?

Jibu lilitolewa mwaka huo huo. Sheria mpya ilipitishwa, ikaanza kutumika tarehe 14 Novemba 1896, ikamwondoa yule mtangulizi wa miguu na kuruhusu mwendo wa hadi maili 14 kwa saa, ambao wenye mamlaka waliupunguza wakaweka 12. Siku ile ile chama kilichoitwa Motor Car Club kiliandaa msafara wa kusherehekea, kikauita Safari ya Ukombozi. Asubuhi palikuwa na karamu ya staftahi katika hoteli ya Metropole ya London, na hapo Lord Winchilsea akaichana bendera nyekundu mbele ya wageni. Ukweli ni kwamba tangu mwaka 1878 sheria ya nchi haikulazimisha tena bendera yenyewe, ila ilitaka tu mtu atangulie kwa yadi 20. Lakini umma haukumbuki vifungu vya sheria, hukumbuka kile kinachoweza kushikwa kwa mikono miwili na kupasuliwa, na kitambaa kile kikawa ni alama ya minyororo yote.

Magari 33 yalitoka London katika hali mbaya ya hewa, mvua na upepo vikiwapiga madereva usoni, huku watu wamejaa kando ya njia kwa maelfu kutaka kuona miujiza hiyo. Mashaka ya safari yalikuwa ya kweli. Mikanda ya ngozi iliyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ililowa na kuteleza. Na katika baadhi ya injini cheche haikuwa ya umeme, bali palikuwa na kibomba cha chuma kilichotiwa moto mwekundu kwa kandili ndogo, na upepo ukiizima kandili gari husimama papo hapo. Wenye kujaaliwa walikula chakula cha mchana Reigate, katika hoteli ya White Hart, kisha wakaendelea kusini katika tope. Waliofika Brighton walikuwa 17, na watu walinong'ona kwamba moja katika magari hayo lilipakiwa garimoshi na kupakwa tope kabla ya kuonyeshwa hadhara.

Mwandalizi mkuu wa siku ile, Harry Lawson, alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akinunua hataza za motokaa ili kila mwenye kutaka kuunda gari Uingereza apitie mlangoni kwake. Msafara ule kwake ulikuwa pia tangazo la biashara; na miaka minane baadaye, mwaka 1904, mahakama ilimtia hatiani kwa udanganyifu katika mambo ya makampuni, akafungwa mwaka mmoja pamoja na kazi ngumu. Silitaji jambo hili kwa kumfedhehesha maiti, bali ni kwa kuwa ndilo linaloonyesha adhama ya desturi: mbegu yaweza kupandwa na mkono wenye tamaa, na mti ukakua ukawa kivuli cha watu wote, maadamu wako wanaoumwagilia maji bila ya kutaka malipo.

Maji hayo yalichelewa. Kwa miaka thelathini motokaa zilibadilika upesi mno, na zile za kwanza zikawa ni kichekesho; zilitupwa mabandani zikatagiwa mayai na kuku, ziliuzwa kwa mizani kama chuma chakavu. Mwaka 1927 magazeti mawili ya London, Daily Sketch na The Sphere, yalizialika zile zilizosalia kuifuata tena njia ya Brighton, na watu wakaupa mwendo huo jina la dhihaka ambalo Kiswahili kingelisema ni msafara wa mikweche. Ajabu ni kwamba mikweche ilifika. Mwaka 1930 klabu ya kifalme ya wenye motokaa, RAC, ikauchukua msafara chini ya ulezi wake. Na jioni ya safari ya mwaka huo marafiki watatu walikaa katika hoteli ya Old Ship, Brighton, wakaazimia kuunda Veteran Car Club, chama cha kuyatafuta magari ya kale, kuuthibitisha umri wake na kuyaokoa na upotevu. Miaka minne baadaye ilizaliwa Vintage Sports-Car Club, iliyoyafungulia mlango magari ya mbio na ya starehe ya zama za baadaye, na mfano huo ukafuatwa katika nchi nyingi. Tangu hapo msafara haukukatika ila kwa vita vya pili vya dunia, kwa mwaka 1947, petroli ilipokuwa ikigawiwa kwa kipimo, na kwa mwaka 2020, wakati wa janga la korona.

Njia yenyewe inastahili kusimuliwa. Msafara unavuka Mto Thames kwa daraja la Westminster, unapenya Brixton na Croydon ambako nyumba zimebanana, na baada ya Redhill unaanza kuingia mashamba. Kuanzia Crawley kwenda kusini, katika jimbo la Sussex, barabara inajipinda baina ya ua wa miti na misitu ya mialoni ambayo majani yake katika majira hayo yamegeuka rangi ya shaba, na kwa vile mwendo hauruhusiwi kupita wastani wa maili 20 kwa saa, msafiri huona kila lango la shamba na kila moshi wa jikoni. Wenyeji wa vijiji vya Staplefield na Cuckfield hutoka na watoto wao, wakasimama kando ya njia na vikombe vya chai mikononi. Mwisho husimama mbele yao ukuta wa vilima vya chokaa uitwao South Downs, na juu yake vinu viwili vya upepo ambavyo wenyeji wamevipa majina ya Jack na Jill kana kwamba ni ndugu. Hapo, katika mpando wa Clayton, ndipo magari mengi ya silinda moja huishiwa pumzi. Abiria hushuka, huinamisha mgongo na kusukuma, na mara nyingi mgeni aliyekuwa akitazama tu hutia bega lake pia. Upande wa pili wa kilima upepo hubadilika harufu, na aliyekulia pwani hahitaji kuambiwa kwamba bahari iko karibu.

Mwaka 1953 ilitoka filamu iitwayo Genevieve, iliyolipa jina hilo gari la Darracq la mwaka 1904, juu ya marafiki wawili wanaofika Brighton kwa amani na kisha, kwa ubishi, wanawekeana dau la kushindana kurudi London. Karibu na mwisho, yule mwenye Genevieve anasimama, ilhali ushindi u mkononi, ili amsikilize mzee mmoja aliyewahi kuwa na gari kama lake na anayetaka kusimulia habari zake. Na watazamaji wote wanajua kwamba hapo ndipo aliposhinda. Watu wengi walivutwa na filamu ile kuyapenda magari ya kale, na naona sababu yake ni kuwa iliwaonyesha kwamba ustaarabu wa njiani ni mkubwa kuliko mwendo.

Hilo ndilo ninalotaka libaki kwa msomaji. Chombo kilichowekwa nyuma ya kioo huyafundisha macho tu; bali chombo kinachoendeshwa, kinachoharibika na kutengenezwa, huulinda pamoja nacho ujuzi wa fundi, simulizi la mzee na subira ya msafiri. Na ndiyo sababu nadhani tendo lililo zuri kuliko yote katika siku ile hutendeka kabla injini hazijanguruma. Kila mwaka pale Hyde Park bendera nyekundu huchanwa upya, kama ilivyochanwa mwaka 1896. Nayo iliyochanwa haichaniki tena, kwa hiyo hapana budi kila mwaka pawepo mtu akaaye chini, akate kitambaa kipya, akikunje pindo na kukitia mpini kwa taadhima, hali akijua kwamba anaishona ili ipasuliwe.