Nakala ya Daftari Mbele ya Hakimu: Kutoka Unguja hadi Maskati



Hapa Maskati, nyumba nyingi ninazozijua za watu waliotoka Unguja zina bahasha ya makaratasi: hati za shamba, stakabadhi, kurasa za daftari la duka. Nyingi ni fotokopi, maana asili zilibaki huko baada ya 1964 na jamaa wakatuma nakala baadaye. Nasikia watu wakisema, "Ah, nakala tu hiyo, mahakamani haina kazi." Historia haisemi hivyo.

Wazee wetu walipokopeshana kwa pembe na karafuu, waraka uliandikwa, lakini mbele ya kadhi nguvu ilikuwa kwa mashahidi. Karatasi ilikumbusha, mtu ndiye aliyethibitisha. Wahindi nao, mfano nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi, waliweka madaftari yao wenyewe kwa Kigujarati. Mdaiwa wa Kiarabu au wa Kiswahili atayasoma vipi?

Waingereza wakaja na Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyotumika pia pwani yetu. Kifungu cha 34 kilikubali daftari la hesabu lililoandikwa kwa utaratibu wa kawaida wa biashara, ila kwa sharti: daftari peke yake halitoshi kumtia mtu deni. Kifungu cha 65 kikaruhusu nakala pale asili ilipopotea, ilipoharibika, au ilipo mikononi mwa mpinzani. Basi nakala ilifunguliwa mlango tangu hapo.

Tanzania Bara iliifuata misingi hiyo katika sheria yake ya 1967. Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank na Le-Marsh, Jaji Nsekela alikubali kumbukumbu za kompyuta zihesabiwe kuwa madaftari ya benki. Oman ikatoa sheria ya ushahidi wa madai na biashara kwa Amri ya Kifalme 68/2008. Zanzibar ikatunga yake mpya 2016.

Kwa maoni yangu, nakala ni kama hadithi ya Mtume: thamani yake iko kwenye isnadi. Nani aliandika, na aliandika akiwa kazini? Nani alihifadhi? Asili ilikwenda wapi? Kushinda kesi ni jambo jingine, lakini bila majibu haya hata kusikilizwa ni taabu. Na wanaoyajua ni wazee wetu wa miaka themanini. Wakalisheni kitako, andikeni maelezo yao, wasaini mbele ya mashahidi. Wakishaondoka, fotokopi itabaki karatasi tu.