Gari la kanisa linapozeeka: kutengeneza tena au kutafuta lingine?

Makanisa mengi ya mashariki yana gari moja tu. Gari hilo hupeleka mchungaji kwenye visomo na mazishi, hubeba kwaya siku ya kongamano, hupeleka dawa kwenye kituo cha afya, na usiku huamshwa kwa ajili ya mama anayetaka kuzaa. Linapoanza kulala garajini kila mwezi, kazi hizo zote hulala pamoja nalo. Kisha swali huingia katika komite: tuendelee kulitengeneza, au tutafute lingine?

Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa hasira ya siku moja, gari lilipokufa njiani, au kwa haya ya kuona kanisa jirani lina gari jipya. Makala haya yanaonyesha namna ya kulijibu kwa hesabu. Pesa inayotumika ni sadaka: ndani yake mna kikapu cha muhogo cha mjane na franka za mwanafunzi. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Gari pia ni mnara.

1. Fungueni daftari la gari

Andikeni kila pesa iliyotoka kwa ajili ya gari katika miezi 12 iliyopita, kisha mgawanye mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni matengenezo ambayo gari lolote hudai, hata jipya: mafuta ya moteri, vichujio, mipira, batri, freni, amortiseri na resori. Katika barabara zetu vitu hivi huisha upesi. Kununua mipira minne mwaka huu hakumaanishi kwamba gari limekufa.

Fungu la pili ni dalili za uzee wa kweli: moteri inayokunywa mafuta kila wiki, maji yanayopungua katika radiateri bila kuonekana yanapovuja, bwate ya vitesi inayoruka, shasi iliyopasuka na kuunganishwa kwa moto zaidi ya mara moja, na ugonjwa uleule unaorudi hata baada ya mafundi wawili tofauti. Fungu hili likizidi la kwanza, gari linawaaga.

Ongezeni pia hesabu ambayo wengi husahau: siku ambazo gari lilikuwa garajini, na pesa ya kukodi gari lingine au pikipiki siku hizo.

Kama hakuna daftari, anzeni leo. Miezi mitatu ya kuandika kwa uaminifu ina faida kuliko kubishana mwaka mzima.

2. Linganisheni gharama ya mwaka, si bei ya kununua

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Gari la zamani likiuzwa leo lingeleta dola 4,000. Mwaka jana lilikula dola 2,400 za matengenezo, na kanisa lilikodi usafiri kwa dola 900. Kila mwaka thamani yake hushuka karibu dola 500. Basi kulibakiza kunagharimu dola 3,800 kwa mwaka, bila mazutu.

Gari lingine, lililotumika lakini zima, linauzwa dola 14,000. Karatasi na matengenezo ya kwanza ni dola 1,500, jumla 15,500. Mkilitumia miaka 7 na kuliuza dola 5,000, mmepoteza dola 10,500, yaani 1,500 kwa mwaka. Ongezeni matengenezo ya dola 1,000 na kukodi kwa dola 200. Jumla ni dola 2,700 kwa mwaka.

Hapa kubadilisha kunaokoa dola 1,100 kila mwaka. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, gari hilo la pili likiwa bovu na kula dola 2,100 za matengenezo kwa mwaka, faida yote imekwisha. Kwa hiyo kulipima kabla ya kununua ndiyo kazi kubwa. Pili, mkiuza la zamani, bado mnakosa dola 11,500. Mkizikopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, mwezi wa kwanza peke yake unadai dola 230 za riba. Katika miezi mitano faida ya mwaka mzima imeliwa. Kanisa lisilo na akiba mara nyingi lina hekima zaidi likikodi na kuweka akiba kuliko likikopa.

Na pesa iliyokwisha kuingia katika gari la zamani isihesabiwe tena. Kusema “tumeshaweka moteri ya dola 2,000, hatuwezi kuliacha” hakurudishi hizo 2,000. Ulizeni tu: kuanzia leo, njia ipi itagharimu kidogo na kutusaidia zaidi?

3. Ulizeni kazi kabla ya kuuliza aina ya gari

Andikeni safari za mwezi mmoja: wapi, watu wangapi, mizigo gani, barabara ya namna gani. Kanisa la katikati ya mji halina lazima ya gari linalotafutwa na kanisa linalotembelea posti za Shabunda au Walikale wakati wa mvua.

Toyota Land Cruiser za familia ya 70 zilianza kuuzwa mwaka 1984 na bado zinaonekana kila mahali kwetu. Nyingi zina moteri ya mazutu inayoitwa 1HZ: silinda 6, lita 4.2, bila turbo, yenye pampu ya kimakanika isiyotegemea kompyuta. Fundi wa kijijini anaijua, na vipuri hupatikana. Lakini ni ghali kununua, tena inakunywa. Gari linalozidi lingine kwa lita 5 katika kila kilomita 100, likitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, linakunywa lita 1,000 zaidi. Zidisheni kwa bei ya mazutu mjini kwenu.

Minibasi kama Toyota Hiace hubeba kwaya vizuri kwenye lami, lakini iko chini na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Katika matope itasukumwa na kwaya. Gari dogo la esanse linatosha kwa mji. Magari mapya ya mazutu yenye sindano za shinikizo kubwa hutumia mafuta kidogo, ila hayavumilii mazutu yenye maji au uchafu. Pale mnaponunua mazutu kwa bidoni kando ya barabara, sindano hizo zinaweza kuharibika, na bei yake huumiza.

Kuna pia njia ambayo komite nyingi haziifikirii: pikipiki mbili kwa ziara za posti, na gari la kukodi kwa siku kubwa chache za mwaka. Au makanisa mawili jirani yanunue gari moja kwa mapatano yaliyoandikwa, yenye zamu, mgawo wa matengenezo na jina la atakayeamua wakifarakana.

4. Upande wa usukani

Sisi tunaendesha upande wa kuume, sawa na Rwanda na Burundi. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia huendesha upande wa kushoto. Magari yanayotoka Japani yametengenezwa kwa kuendesha kushoto, usukani ukiwa kuume. Kwa hiyo, kwetu, dereva anayetaka kupita lori haoni mbele mpaka atoe gari zima katikati ya barabara. Taa zake huelekea macho ya anayekuja usiku. Na mlango wa kuteleza wa minibasi hizo uko kushoto, maana yake watoto wa shule ya Jumapili wanashukia katikati ya barabara. Bei ya chini ina sababu. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni pia ofisi ya duane (DGDA) kama gari la umri huo na la usukani huo linakubaliwa kuingia na kuandikishwa.

5. Kununua hapa au kuagiza mbali

Bei inayoonyeshwa kwenye intaneti mara nyingi ni ya gari likiwa bado katika bandari ya Japani, au likiwa limefikishwa Mombasa au Dar es Salaam. Baada ya hapo kuna malipo ya bandari, safari ya barabara kupita nchi nyingine, duane, ukaguzi wa OCC, kuandikisha na asiransi. Takeni orodha yote kwa maandishi kutoka kwa wakala wa duane kabla ya kutuma dola ya kwanza. Katika mnada wa Japani gari hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama. Herufi R juu ya karatasi hiyo huonyesha kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji akikataa kuitoa, fikirieni mara mbili.

Kununua hapa kuna faida moja kubwa: mnaligusa gari. Lipimeni hivi:

- Mfike asubuhi, moteri ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla yenu huenda anaficha jambo.
- Fungueni kifuniko cha mafuta ya moteri. Mafuta yenye rangi ya maziwa ni mafuta yaliyochanganyika na maji.
- Tazameni moshi. Wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Mweusi mwingi ni mazutu yasiyoungua vizuri. Mweupe usiokwisha hata moteri ikipata moto huenda ni maji yanayoingia ndani.
- Ingieni chini ya gari na tochi. Angalieni shasi: nyufa, kutu, rangi mpya mahali pamoja tu.
- Linganisheni namba ya shasi na ile iliyo katika karte roze, herufi kwa herufi.
- Msiamini kilomita za kwenye saa, hurudishwa nyuma. Tazameni pedali, kiti cha dereva na usukani. Vitu hivyo haviwezi kurudishwa.
- Liendesheni mlimani na kwenye mashimo, si mbele ya garaji tu.

Mchukue fundi wenu, mlipeni ninyi, na asipokee chochote kwa muuzaji.

6. Karatasi ziandikwe kwa jina la nani?

Hapa ndipo makanisa huumizana. Gari linanunuliwa kwa sadaka, lakini kwa haraka linaandikishwa kwa jina la mchungaji au la mzee aliyesafiri kulileta. Miaka inapita. Mchungaji anahamishwa, au anaitwa na Bwana. Jamaa yake wanaonyesha karte roze, na kwa macho ya sheria wana neno. Kanisa linapoteza gari, na mjane anapoteza kanisa. Hakuna aliyekuwa mwizi. Ila karatasi haikusema ukweli.

Basi karte roze na asiransi zitoke kwa jina la jumuiya yenye utu wa kisheria. Mkataba wa kununua uwekwe sahihi na watu wasiopungua watatu, na nakala zikae katika ofisi ya jumuiya, si ndani ya gari tu. Kama gari ni zawadi ya mchungaji mwenyewe, hilo nalo liandikwe wazi siku ileile.

7. Kuuza la zamani

Tangazeni mbele ya washirika wote, pokeeni bei katika bahasha zilizofungwa, na muzifungue pamoja. Mzee wa kanisa anaweza kununua, lakini asikae katika komite inayoamua. Mwambieni mnunuzi magonjwa yote ya gari. Gari ambalo mmeliogopa kwa sababu freni zake hazishiki, msimuuzie mtu atakayelijaza abiria kushuka mlima wa Ngomo. Ama tengenezeni freni, ama liuzeni kwa vipuri. Na kabla hajaondoka nalo, hakikisheni karatasi zimehamia jina lake, ili ajali yake isirudi mlangoni penu.

8. Anzeni akiba siku lile jipya linapofika

Katika mfano wetu gari hupoteza dola 1,500 kwa mwaka, yaani 125 kwa mwezi. Kanisa likiweka dola 125 kila mwezi tangu siku ya kwanza, baada ya miaka 7 lina dola 10,500. Ukiongeza dola 5,000 za kuuza gari, zinarudi zilezile 15,500. Mkishindwa kuweka 125, fahamuni mapema kwamba gari hilo ni kubwa kuliko kanisa lenu, na mchague dogo.

Mwisho, mhasibu asome hesabu ya gari mbele ya washirika kila miezi mitatu: kilomita, mazutu, matengenezo na akiba. Mshirika anayejua sadaka yake imekwenda wapi hangoji kubembelezwa siku gari litakapohitaji mipira.