UZI: "Wananchi walikubali." Wananchi gani?

1/ Mjadala wa ushuru, bajeti au ardhi ukichacha, lazima mmoja aseme: "Tulifanya kikao, wananchi wakakubali." Mwingine naye: "Sisi hatukuulizwa." Mara nyingi wote wawili wanasema ukweli. Inawezekanaje? Utafiti uliofanywa Embu na Meru unatusaidia kuelewa.

2/ Tuanze Embu. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Angelique Haugerud, alifanya utafiti huko, na mwaka 1995 akatoa kitabu, The Culture of Politics in Modern Kenya. Alichunguza kitu ambacho tumekizoea hadi hatukioni tena: baraza.

3/ Baraza unalijua. Wakubwa kwenye viti, kivulini. Wengine nyasini, juani. Utambulisho, hotuba, makofi, maombi, kwisha. Haugerud anatuonyesha kwamba hilo ni jukwaa: serikali inaonyesha nguvu, watu wanaonyesha utiifu. Lakini kukaa kimya si kukubali. Hata kicheko kina maana yake, sema tu hakiandikwi kwenye kumbukumbu za kikao.

4/ Na kumbuka, hadi mageuzi ya sheria ya 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni. Aliyepinga angeitisha kikao chake wapi?

5/ Sasa twende Meru. Miaka ya 1930 na 1940, mkuu wa wilaya H. E. Lambert aliiingiza Njuri Ncheke, baraza la wazee wanaume, katika utawala wa kikoloni. Mwaka 1956, Njuri ikapiga marufuku ukeketaji kwa kauli moja. Kwenye karatasi, Meru imekubali.

6/ Mwanahistoria Lynn M. Thomas anaeleza kilichofuata. Wasichana walikaidi, wakajaribu kukeketana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Kwa miaka mitatu, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo.

7/ Tusichanganye mambo hapa. Ukeketaji ni madhara matupu, na sheria ya 2011 inaukataza kabisa. Lakini angalia: hata uamuzi wenye nia njema ulikwama, kwa sababu wazee waliamua kuhusu miili ya wasichana bila wasichana kuwa kikaoni. Walioumia ni wale wale ambao sauti yao haikutafutwa.

8/ Leo Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kama tunu ya taifa. Si maneno ya kupamba. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

9/ Kwa hivyo ukisikia "wananchi walikubali", uliza matatu:
– Nani alikuwepo, na nani ambaye jambo linamgusa hakuwepo?
– Angeweza kusema hapana bila kuogopa chochote?
– Kuna kitu hata kimoja kilichobadilika baada ya watu kusema?

10/ Jibu la tatu likiwa "hakuna", hapo palikuwa na mahudhurio tu. Sahihi ya daftari si kura.

Watu wa Runyenjes, Siakago, Maua, Nkubu: kikao cha mwisho mliarifiwaje, na siku ngapi kabla? Tuambieni hapa chini.