Pampu ya mafuta: Si kila isiyo halisi ni duni

GARI linapozimika ghafla kwenye barabara kuu ya Kisumu-Kakamega-Webuye, lawama ya kwanza aghalabu huelekezwa kwa pampu ya mafuta. Mwenye gari mjini Kakamega basi hulazimika kuchagua: pampu yenye chapa ya mtengenezaji wa gari, pampu mpya ya kampuni nyingine, ile iliyong'olewa kwenye gari kuukuu nchini Japani au, pasipo yeye kujua, pampu ghushi.

Wengi huamini kwamba kila isiyo halisi ni duni. Sivyo. Kampuni za magari hazitengenezi kila kipuri zenyewe. Denso ya Japani, kwa mfano, imeitengenezea Toyota pampu kwa miaka mingi, na pia huuza vipuri kwa jina lake. Isitoshe, pampu halisi nayo huharibika. Mwaka 2020 Toyota iliyaita karakanani zaidi ya magari milioni 3 kote duniani, kwa kuwa kigurudumu cha plastiki ndani ya pampu kilikuwa kikifura kwa mafuta na kukwama.

Ya kuogopwa ni pampu ghushi. Kwa nje hufanana na nzuri, lakini mota na valvu zake ni hafifu. Hunguruma vyema tu ilhali haifikishi kani inayohitajika, ambayo kwa magari mengi ya petroli ni takriban baa 3. Valvu ikivuja, gari husumbua kuwaka asubuhi. Kwa hivyo fundi apime kwa geji, sikio halitoshi.

Hata pampu bora huuawa na mazoea. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, hivyo anayeendesha daima tangi likikaribia kukauka huiunguza taratibu. Chujio lililojaa uchafu huichosha vilevile. Kwa magari ya dizeli, adui ni mafuta taa, ambayo hayalainishi vyuma ipasavyo. Mnamo 2018 serikali ilianza kutoza mafuta taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kukomesha uchanganyaji huo.

Kabla ya kununua, fyuzi, relei na nyaya zikaguliwe kwanza. Pampu nyingi hutupwa bila hatia.

Kuhusu pampu kuukuu kutoka Japani, hakuna ajuaye imefanya kazi kwa muda gani. Mpya ya kampuni inayotambulika ni afadhali.

Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008 inaharamisha uuzaji wa vipuri bandia, na malalamishi hupokewa na mamlaka iliyoundwa chini yake. Mlalamishi atahitaji ushahidi, hivyo adai risiti yenye nambari ya kipuri na kuhifadhi kasha. Aidha, aulize mapema kuhusu dhamana: maduka mengi hayarudishi kifaa cha umeme kikishafungwa garini.