Kisiwa Kilichonunuliwa kwa Nguo: Hadithi ya Kilwa na Mafunzo ya Watoto

Bismillahi Rahmani Rahim.

Tangu zamani watu wa pwani waliwafundisha watoto wao mahali pawili: chuoni, kwa ubao na wino, na barazani, kwa masimulizi ya wazee. Chuoni mtoto alijifunza herufi. Barazani alijifunza habari za waliomtangulia. Mambo haya mawili yakitengana, mtoto huweza kusoma asiwe na la kwao la kusoma, au huwa na hadithi asiyoweza kuipima. Hadithi ya kuanza mji wa Kilwa yaonyesha jinsi yanavyoweza kuunganishwa tena.

Yasimuliwa kwamba alifika Kilwa mgeni kutoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi, jina lake Ali bin Hasan. Alimkuta mwenye kisiwa, akataka kukinunua. Mwenyewe akakubali, kwa sharti apewe nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Nguo zikatolewa, naye akavuka akaenda zake bara. Lakini moyoni alikusudia kurudi na jeshi maji yatakapokupwa, kwani siku hizo watu waliweza kuvuka kwa miguu. Wageni wakapata habari, wakachimba mkondo, na bahari ikajaa isikauke tena.

Ndivyo isemavyo tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Mreno João de Barros naye alizitia habari za wafalme wa Kilwa katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552. Lakini wazee wa Kilwa walikuwa na mapokezi yao kwa Kiswahili, ambayo Mjerumani Carl Velten aliyachapisha mwaka 1907. Katika hayo mwenye kisiwa aitwa Mrimba, na mgeni alimwoa binti yake. Nguo zilitandikwa kutoka kisiwani mpaka bara, ili Mrimba apite juu yake. Wala haukuchimbwa mkondo; wageni walisoma Kurani, bahari ikabaki imejaa.

Mwalimu mwenye busara haoni tofauti hizi kuwa aibu. Hadithi ya mji si Hadithi ya Mtume (s.a.w.), lakini wanachuoni wamefundisha adabu ifaayo kwa kila habari: nani kaipokea, kwa nani, na matini yake yasemaje? Basi mtoto na ayaandike mapokezi mawili, moja upande huu na la pili upande wa pili, kwa herufi za Kiarabu na kwa herufi za Kirumi. Kisha aulizwe: lipi limo katika yote mawili, na lipi limo katika moja tu? Hapo atakuwa amejifunza kuandika, na amejifunza pia kutohadaika na kila kilichoandikwa.

Baada ya hapo awekewe ushahidi. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, alipata sarafu nyingi za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan kwa Kiarabu. Mtoto wa chuo anayejua kuunga herufi aweza kulisoma jina hilo mwenyewe. Basi alikuwako mtawala wa jina hilo. Lakini uchimbuzi ulionyesha pia kwamba watu walikaa Kilwa tangu karne ya 9 hivi, kabla ya sarafu hizo; na tarehe ya Kiarabu yenyewe yasema kwamba wageni walikuta kisiwani msikiti na Mwislamu. Kwa hiyo Uislamu wa Kilwa haukushuka kutoka katika jahazi moja.

Iko pia habari ya aliyeona kwa macho yake. Mwaka 731 wa Hijra, nao ni 1331 wa Miladi, Ibn Battuta alifika Kilwa katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Asimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Kwa habari hii mtoto hujifunza kulinganisha miaka ya tarehe mbili, na kutenga neno la shahidi na neno la aliyesikia.

Lakini liko jambo zito kuliko hayo. Wako walioisimulia hadithi ya nguo ili kumpandisha mgeni na kumshusha mwenyeji, wakimfanya mjinga aliyeuza nchi kwa vitambaa. Waislamu wa Rumonge na wa Buyenzi, katika Burundi, waujua uzito wa maneno hayo. Wazee wao waliupokea Uislamu kwa wafanya biashara waliotoka pwani katika karne ya 19, na watu wa makabila mengi wakawa jamaa moja kwa lugha ya Kiswahili. Mtoto akiambiwa kwamba heshima ya dini iko katika nasaba ya mbali, atajiona mgeni katika msikiti wa babu yake.

Mwaka 2023 wataalamu walichapisha utafiti wa mifupa iliyotoka katika makaburi ya kale ya pwani, na Kilwa ni mojawapo. Waliona kwamba tangu mwaka 1000 hivi damu zilichanganyika, hasa za wanaume wa Kiajemi na wanawake wa Kiafrika. Hayo hayathibitishi kwamba binti wa Mrimba aliishi. Yathibitisha kwamba ndoa za namna ile zilikuwako. Jambo ambalo kitabu kililipita, vinywa vya wazee vililihifadhi.

Basi kila mtaa una wazee wanaojua nani alijenga msikiti wa kwanza, nani alifungua chuo, na watu walitoka wapi. Vijana waliojaliwa kalamu na wawaendee, waandike kama walivyosikia, na juu ya kila karatasi watie jina la msimulizi na la aliyemsimulia. Wafanye hayo wazee wangali hai, kwani mzee akishazikwa hapana wa kuulizwa.

Wallahu aalam.