Primus nayo ilikuwa ngeni

Chupa ya bia ngeni ikiwekwa mezani katika restora ya Goma, wazee wengi huigeuza-geuza, kisha wanaomba Primus, "ya kwetu".

Lakini Primus nayo ililetwa. Kampuni inayoipika ilianzishwa na Wabelgiji Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1923, na bia ya kwanza ilitoka 1926. Bukavu ilipata kiwanda 1950. Ng'ambo ya mpaka, kampuni ya Gisenyi ilianzishwa 1957.

Mbele ya hapo, mgeni wa Kivu alipokelewa kwa kasiksi: ndizi mbivu zinakamuliwa pamoja na majani, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha yanalala siku mbili tatu. Ilinywewa kwenye mahari na kwenye matanga.

Kibati ilipokea wahami wa vita mwaka 2008 na baadaye tena. Mwenye franka hununua chupa popote, lakini kasiksi inataka migomba, na migomba ilibaki kijijini. Kwa hiyo muhami anayeulizia kasiksi anaulizia pia shamba lake. Wazee mliohama, waelezeni vijana namna ya kuikamua, ili siku ya kurudi wawepo wanaoijua kazi hiyo.