Bima Kongo: kutoka mlango mmoja hadi mingi

Mwaka 1966 serikali ilianzisha SONAS, na kwa karibu miaka 50 ndiyo peke yake iliuza bima Kongo. Sheria ya 1973 ikalazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kulipa watu gari lake linaoumiza. SONAS ikikataa kulipa, mfanyabiashara na muumizwa walibaki na tribinali tu.

Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko. Mwaka 2019 kampuni binafsi zikapewa ruhusa. Lakini ubishi mahakamani ni ule ule: siku ya ajali, bima ilikuwa bado na nguvu? Ilihusu kazi lori lilikuwa linafanya?

Ndugu zetu wa kambini, lori likigonga mtu, andikeni namba yake na jina la kampuni ya bima. Bila hayo, kesi inaanza kilema.